Talaka ya Muuaji

Uso wangu umenisaidia mara moja tu maishani, na mara hiyo hiyo nusura univunjie nyumba. Nyusi zangu zimekutana tangu nizaliwe, macho yameingia ndani, na nikinyamaza watu hudhani nimekasirika. Mara nyingi huwa nimekasirika kweli, siwezi kukataa, lakini si kila mara. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba wageni wakibisha hodi alinituma uani kwanza, wasije wakadhani nyumba ina ugomvi. Basi uso huo ndio ulionipatia kazi ya uuaji, kazi niliyoifanya msimu mzima, kila Jumatano jioni, Pwani yote ikinitazama.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Hoteli za Diani ndiyo kwanza zinainuka, na mimi nilikuwa mhudumu wa meza katika mojawapo, kanzu nyeupe na mshipi mwekundu kiunoni. Siku moja niligombana na mpishi mlangoni pa jikoni kwa sababu ya samaki changu aliyemkaanga mpaka akawa mkaa. Sikupaza sauti, maana wageni walikuwepo. Nilimtazama tu na kumpa maneno yake polepole. Bwana mmoja wa bara aliyekuwa akila meza ya karibu akaweka uma chini, akanitazama mpaka nikamaliza. Kisha akaniita, akaniuliza kama nimewahi kuigiza. Nikamwambia naigiza kila siku, nikiwachekea wageni wanaorudisha chai kwa kuwa ni ya moto. Akacheka sana. Yeye ndiye aliyekuwa akitunga na kuongoza mchezo wa televisheni kule Mombasa, na tokea siku hiyo mimi nilimwita mwelekezi, maana ndivyo alivyopenda kuitwa.

Televisheni ilikuwa ngeni Pwani. Mchezo ulichezwa papo kwa papo: taa nyekundu ikiwaka juu ya kamera, unalolisema limekwenda, hulirudishi tena. Ukijikwaa, umejikwaa mbele za watu. Ukipiga chafya, ni muuaji ndiye aliyepiga chafya, na hadithi inaendelea. Wenzangu wengine walitetemeka, lakini mimi niliipenda ile taa. Nilikuwa nikivuka feri ya Likoni Jumatano asubuhi roho imetulia kabisa, kama mtu anayekwenda kwao.

Muuaji wangu alikuwa dereva wa lori. Walikuwa marafiki wawili wa safari, wakagombana kwa neno dogo kule Samburu, pembeni mwa barabara kuu ya Mombasa, na huyu akamwangusha mwenzake kwa chuma cha kufungulia magurudumu. Akakimbia. Akashuka kwa miguu kupitia pori kavu la Kinango kuelekea baharini, polisi nyuma yake. Kila wiki alifika kwenye nyumba ya watu wasiomjua, akapewa maji, akapewa ugali, na hapo ndipo vita vilipoanza, maana nusu yake ilitaka kwenda kujisalimisha na nusu yake ilitaka kuishi. Moyo wake ulikuwa na sauti. Mwigizaji mwenzangu, mtu wa sauti nzito, alisimama nyuma ya ubao na kusema maneno ya moyo, nami mbele ya kamera nilifunga mdomo na kuacha nyusi zifanye kazi. Moyo ukiuliza, "Mpaka lini?" mie jasho lilinitoka, na halikuwa la kupaka.

Watu walinipenda, hilo nawaambia bila haya. Pale sokoni Ukunda muuza ndizi mmoja alinivuta mkono akaninong'oneza nisipite Kwale mjini, polisi wamejaa, nizungukie Lungalunga nivuke mpaka. Mwingine alinipa mahamri, akasema mtu wa kukimbia hali vizuri. Walijua mimi ni mhudumu wa hoteli, wengine waliijua hata nyumba niliyopanga. Lakini walinihurumia tu. Kwa mauaji, watu wa Kwale walinisamehe mapema sana.

Nilikuwa nimeoa mwaka ule ule. Mke wangu alikuwa wa Msambweni, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye maneno machache na kicheko alichokizuia kwa ukaya wake, kile kitambaa cha kichwani, mpaka machozi yakamtoka. Mie msema ovyo, yeye mkimya, na wazee wakasema chungu kimepata kifuniko chake. Tuliishi Ukunda katika chumba na ua, na nilikuwa na furaha ambayo sikujua kwamba mtu wa uso kama wangu anaruhusiwa kuwa nayo. Televisheni hatukuwa nayo, nani alikuwa nayo? Lakini Msambweni iliwekwa moja katika ukumbi wa mikutano, inawashwa kwa jenereta, wanawake mikekani upande huu, wanaume kwenye mabenchi upande ule. Kwa hiyo kila Jumatano, mie nikielekea Mombasa, mke wangu alipanda basi kwenda kwao. Alinitazama pamoja na mama yake, akalala huko, na Alhamisi mchana tukakutana Ukunda akiwa amejaa habari za nani alilia na nani alifumba macho.

Sasa ikaja wiki ambayo muuaji anafika kwake. Anaingia kwa mlango wa uani, anamkuta mkewe, na moyo wake unamwambia kwamba mwanamke huyu ataitwa mke wa mtu aliyenyongwa mpaka kufa kwake, kwa hiyo bora amwache awe huru. Katika maandishi ya mwelekezi maneno hayo yalikuwa ya moyo tu. Muuaji anayawaza, hathubutu kuyasema, anakimbia tena. Lakini siku ile mtu wetu wa sauti nzito aliamka na mafua, hana sauti hata ya kuomba chai. Mwelekezi akazunguka, akajikuna kichwa, akaniambia basi yale maneno nitayasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, kumwambia yule mwanamke.

Hakuna aliyeliona shimo. Mwelekezi alikuwa Mkristo wa bara, na kwao ndoa haivunjwi kwa sentensi moja. Mwigizaji mwenzangu, aliyekuwa mke wa muuaji, alikuwa akihangaikia machozi yake yatoke kwa wakati. Nami nilikuwa nimeshazama ndani ya muuaji, hata ningeulizwa jina la baba yangu ningelitafuta. Taa ikawaka. Nikamtazama yule mama, midomo ikanicheza, machozi yakanitoka bila kuitwa, nikasema, "Mke wangu, nimekuacha. Kaolewe na mtu asiyekimbia."

Mwelekezi alinikumbatia baadaye, akasema hajaona kitu kama kile. Nilivuka feri nikiwa nimevimba kichwa kama kibuyu.

Alhamisi mchana nikafika Ukunda, nikakuta kufuli mlangoni, nikafungua kwa ufunguo wangu. Nikasubiri. Nikapika chai, nikainywa peke yangu. Alasiri ikapita, mke hakuja. Nikajua kuna jambo, labda mama mkwe anaumwa, kwa hiyo siku ya pili asubuhi nikaomba ruhusa kazini nikapanda basi la Msambweni. Ndani ya basi mama mmoja niliyemfahamu aligeuza uso alipoona nimeingia. Mwingine akasema, si kwangu ila kwa dirisha, kwamba wanaume wa siku hizi wana roho za chuma. Nikafikiri wamechoshwa na yule muuaji.

Mama mkwe alikuwa barazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, lakini ile "mwanangu" aliyozoea kuiongeza hakuiongeza. Akanitandikia mkeka mwenyewe, akaniletea maji. Heshima ilikuwa kamili, na ndiyo iliyonitia hofu, maana mkwe anayekugombeza bado ni mkwe wako. Kisha akanieleza. Kwamba niliposema neno lile, ukumbi mzima, wanawake kwa wanaume, uligeuka ukamtazama binti yake. Kwamba jirani mmoja alivua leso yake ya juu akamfunika kichwa, wakamshika mkono huku na huku, wakamtoa kama anayetolewa kwenye msiba. Kwamba usiku ule majirani walileta sahani za chakula, na kungwi wake aliyemfunda siku ya harusi alikuja akaketi naye bila kusema kitu. Binti yake ameachwa, sasa yumo edani, na mimi nimekuja kufanya nini?

Mwanzo nilicheka. Nilicheka kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu. Halafu hasira ikanipanda, maana mimi hasira yangu iko karibu na mlango. Nikamwambia mama, yule si mimi, yule ni dereva wa lori. Ikiwa talaka yake ni yangu, basi na mauaji yake ni yangu. Mbona hajawaita polisi wanichukue hapa hapa barazani kwake? Nikaona nimemkamata. Nikakunja mikono nikasubiri.

Mama mkwe hakuchukua muda. Akasema, "Kuua ni kwa mkono, na mkono wako haukumgusa mtu. Talaka ni kwa mdomo, na mdomo wako umesema."

Nawaambieni, nimegombana na wapishi, na wageni wa kila taifa, na mwelekezi mwenyewe, lakini neno kama lile sijawahi kulijibu.

Akaitwa kaka yake, mjomba wa mke wangu, mwalimu wa madrasa pale Msambweni. Na mjomba, kwao Wadigo, ndiye mwenye kauli juu ya mpwa wake kuliko hata baba. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyepinga televisheni msikitini kila Ijumaa na kuitazama kila Jumatano nyuma ya nguzo. Akaniuliza mambo kwa utaratibu. Nilisema nini hasa? Nilisema mara ngapi? Maneno yalikuwa ya nani? Nikamweleza habari ya mafua na ubao, kwamba maneno yalikuwa ya moyo wala hayakuwa ya mdomo. Akasikitika, akasema laiti yule mtu asingepata mafua, kwani talaka ya moyoni si talaka. Kisha akatoa kauli yake. Akasema talaka haina mzaha, atakayetamka kwa mchezo imempata. Ila mwenye kusimulia maneno ya mtu mwingine hajaacha mke. Mwalimu akifundisha mlango wa talaka hutamka neno hilo asubuhi nzima, na mkewe yuko nyumbani anamwekea chakula. Kwa hiyo, kwa elimu yake, ndoa yetu ni nzima.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini dada yake alikuwa bado hajamaliza. Akamwuliza mjomba kama yeye anapowafundisha watoto mlango wa talaka huwa analia. Mjomba akasema la, halii. Mama mkwe akasema huyu alilia, watu wote waliona, machozi yalifika kidevuni. Na nani analia kwa maneno yasiyokuwa yake? Mjomba akanitazama. Nami ningesema nini? Niseme machozi yalikuwa ya uongo, baada ya kujisifu kwa msimu mzima kwamba sipaki kitu usoni?

Mjomba akatafuta njia ya amani, kama kazi yake ilivyo. Akasema shaka huondolewa kwa jambo jepesi. Tuseme imepita talaka moja, basi mke yumo edani, na mume anayo haki ya kumrejea kwa neno moja tu mbele ya mashahidi. Mashahidi ndio hawa. Mimi nilinung'unika. Kurejea ni kukubali kwamba niliacha, na sikuacha! Lakini nilikumbuka lile kufuli la Ukunda na chai niliyokunywa peke yangu, nikayameza manung'uniko yangu. Nikasema pale barazani, kwa sauti ya kusikika, kwamba nimemrejea mke wangu. Mjomba akasema alhamdulillahi. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kukubali. Mie nikainuka nikijua tunaondoka na basi la adhuhuri.

Hapo ndipo pazia la mlango likasogea, na mke wangu akasema kutoka ndani, kwa sauti yake ile ndogo, "Mimi sikuachwa barazani. Nimeachwa ukumbini, Pwani nzima inasikia. Arejee pale pale alipoachia."

Mjomba alimweleza kwamba dini haikuweka sharti hilo. Yeye akajibu kwamba anajua, na dini inamtosha, lakini kesho akienda kisimani hatakwenda na dini peke yake, atakwenda na watu walioona. Kila mwanamke wa Msambweni amemwona akiachwa. Nani amemwona akirejewa? Ikiwa ni mimi na mama yake na mjomba wake, basi ni siri, na yeye si mke wa siri. Pazia likafungwa. Sikumwona hata kidole.

Nilirudi Ukunda na basi la adhuhuri, peke yangu. Sikuwa na la kumlaumu. Nilijaribu njia nzima, toka Msambweni mpaka Ukunda, na kila nililolishika liliniponyoka. Kilichonitia baridi ni eda. Eda ina mwisho, na mchezo wetu ulikuwa umebakiza wiki chache. Ikiwa eda itakwisha na yeye ameshikilia neno lake, watu watasema ameshaachika kabisa, na wapo watakaoleta posa. Msambweni haikukosa wanaume. Nilimpenda mke wangu, jamani, na nyumba bila kile kicheko chake ilikuwa na kuta tu.

Jumatano iliyofuata nikamkabili mwelekezi. Nikamwambia muuaji lazima amrejee mkewe. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha bara kama mimi ni mwigizaji ama ni kadhi. Mwisho alikuwa ameshauandika: polisi wanamzingira muuaji ufukweni, anakataa kusimama, anapigwa risasi, mawimbi yanamfunika. Alikuwa ameupenda sana mwisho ule. Nikamweleza kisa chote, akacheka mpaka akajishika mbavu, na alipoona mie sicheki akacheka zaidi. Nikamwambia haya, acheke, lakini Jumatano ijayo amtafute mtu mwingine mwenye nyusi. Akaacha kucheka. Akanisihi. Akasema muuaji hana sababu ya kurudi nyumbani, polisi wanamsubiri huko, kurudi ni kujitia kitanzini.

Sijui maneno yale niliyapata wapi. Nadhani ni kukaa peke yangu na lile kufuli. Nikamwambia kwamba ndiyo sababu. Wiki zote hizi moyo unamwuliza mpaka lini, naye anadhani anaulizwa habari ya polisi. Haulizwi habari ya polisi. Mtu aliyekwisha kumwacha mke wake hana tena pa kukimbilia, amebaki anakimbia tu. Akirudi kumrejea, vita vimekwisha, na wamchukue. Na tena, nikamwambia, ukinipiga risasi mkwe wangu atamkalisha binti yake eda ya kufiwa, nami nitamwelekeza kwako mlimalize.

Mwelekezi aligonga kalamu mezani. Kisha akasema nimpe siku mbili. Alikuwa mtu mwema yule, pamoja na ubishi wake.

Mkosi mwingine ukatoka upande tusioutazamia. Mume wa yule mwigizaji mwenzangu, karani wa bandarini, alisikia kwamba nitasimama mbele ya mkewe nimwambie nimekurejea. Akaja studio mwenyewe, amevaa tai. Akasema nilipomwacha mkewe yeye alinyamaza, kwa kuwa mtu kumwacha mke wa mwenzake ni jambo la heri. Lakini kumrejea, hapana, hilo haliendi mbele ya macho yake. Tukamwomba, akakataa. Mwelekezi akashika kichwa. Mimi nilimwelewa kuliko alivyodhani, nikamshika mkono, nikasema mkewe asiwepo. Muuaji akifika nyumbani akute mke hayupo, ameshakwenda kwa mama yake. Alisemee lile neno chumbani peke yake, akitazama mlango. Na mlango, akasema mwelekezi akiinuka kitini, ni kamera.

Jumatano ya mwisho nilivuka feri roho haikutulia kabisa. Niliupitia ule mchezo wote kama ninayetembea ndani ya maji. Sauti nzito ilikuwa imerudi nyuma ya ubao. Moyo ukauliza mpaka lini, na muuaji kwa mara ya kwanza akajibu, akasema mpaka hapa. Akafungua mlango. Chumba kitupu, kitanda kimetandikwa, sinia limegeuzwa kifudifudi. Nje, hatua za polisi. Nikageuka nikaitazama ile taa nyekundu niliyokuwa nikiipenda, na kwa mara ya kwanza nikaiogopa. Nikasema, "Mke wangu, popote ulipo na kwa yeyote uliye naye. Mbele ya wote walionisikia nikikuacha, nimekurejea."

Nikanyosha mikono, wakanifunga pingu.

Niliyoyaona kwa macho ni hayo. Ya ukumbini nilisimuliwa na watu, na kila mtu na lake, lakini katika hili wote ni wamoja. Kwamba muuaji alipofungwa pingu wanaume wa mabenchi walikuwa wakilia, wengine wamejifunika vilemba, na wakati huo huo upande wa mikeka palipigwa vigelegele mpaka jenereta haikusikika. Wageni kutoka bara waliokuwepo, walimu na manesi, hawakuelewa ni watu gani hawa wanaoshangilia mtu akipelekwa kunyongwa. Na mjomba akatoka nyuma ya nguzo, amejisahau kabisa, akasimama mbele ya televisheni akatangaza kwamba hiyo ndiyo rejea, na ni sahihi. Tangu siku hiyo hakuipinga tena Ijumaa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa Msambweni kabla jua halijakolea. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo, akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaniwekea wali wa nazi na mchuzi wa pweza saa ile ya chai. Nilikula mpaka akaridhika. Hakunitaja kisa, nami sikukitaja. Alisema tu, akiniongezea mchuzi, kwamba yule muuaji alikuwa mtu mzuri, basi tu hasira zake. Na akanitazama sana aliposema hasira. Mke wangu akatoka na kifurushi chake, ukaya begani, akambusu mama yake mkono.

Tukatembea kwenda barabarani kungoja basi, mie mbele, yeye nyuma kidogo. Wanawake waliokuwa wakifagia nyua zao walimwamkia kwa jina la mume wake, yaani mke wa fulani, mmoja baada ya mwingine, naye akawaitikia wote. Mie nilikuwa nikisema bila kupumzika, habari ya mwelekezi na karani na tai yake, nikitafuta kile kicheko. Hakucheka. Tulipopita nyumba ya mwisho aliniita, nikageuka. Akasema jana amerejewa na muuaji, na watu wote wamesikia, na ameridhika. Sasa hapa hakuna mtu.

Nilielewa. Nikaitafuta sauti yangu, maana iliyobaki kooni haikuwa ya televisheni, na nikamwambia yeye peke yake, polepole, kwamba nimemrejea.

Rejea haimwulizi mke. Ni neno la mume tu. Akishalisema limekwisha, mke apende asipende. Mjomba hakumwuliza, mama yake hakumwuliza, mwelekezi hata hakujua kwamba kuna wa kuulizwa, na mimi niliyezunguka huku na huku siku zote zile wala halikunipitia akilini. Yeye alisimama pale njiani na kifurushi chake mkononi, akanitazama uso huu wangu kwa muda, kama anayeusoma upya. Kisha akasema, "Nimekubali."